Servisi najifanyia mwenyewe, je gari itashuka bei nikiuza?

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Arua. Ana Toyota Premio ya 2008, ile ya injini ya 1.5, aliitoa bondi ya Kampala, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa nje, na tangu aipate servisi anajifanyia mwenyewe nyumbani: oili, filta, plagi, brekipadi, mpaka kulanti, yale maji ya kupozea injini. Sasa familia imekua anataka aiuze atafute Toyota Noah, ile ya kubeba watu wengi, na shemeji yake kamwambia gari isiyo na risiti za gereji hakuna mtu atatoa hela ya maana. Anauliza mambo mawili, kama kweli kujifanyia servisi kunashusha bei, na kama aanze kwenda gereji miezi hii ya mwisho ili awe na risiti za kuonyesha.

Ndugu yangu, shemeji ana kaukweli ila sababu sio hiyo anayofikiria. Mi kazi yangu ni kukagua gari kabla mtu hajalipa, mnunuzi ananiita naenda na tochi na skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, naangalia alafu namwambia ninachokiona, na nikwambie wazi, mnunuzi wa hapa kwetu hapunguzi bei eti kwa sababu spana ilishikwa na mwenye gari. Anapunguza akikosa kumbukumbu yoyote ile, au akiona alama za mikono mibaya. Hivyo vyote viwili viko mikononi mwako, na mtu anayejifanyia servisi vizuri na akaandika anaweza kuwa na ushahidi mzuri kuliko yule aliyepeleka gari gereji miaka yote.

Tuanze na hizo risiti. Gereji nyingi zetu, iwe Ndeeba, iwe Katwe, iwe huko kwenu, risiti ni ya kuandika kwa mkono kwenye kitabu ambacho kinauzwa duka lolote la karatasi, haina kilomita, haina namba ya gari, imeandikwa tu servisi na pesa na sahihi isiyosomeka. Nikiletewa rundo la hizo siwezi kumwambia mteja wangu chochote cha uhakika, kwa sababu yeyote anaweza kukaa jioni moja akaziandika zote kwa kalamu ile ile, na kuna wanaofanya hivyo. Risiti yenye uzito ni ile ya kompyuta inayotaja namba ya gari, tarehe, kilomita na speya iliyowekwa, na gari zenye hizo ni chache sana sokoni. Kwa hiyo usijione umebaki nyuma ya watu wote, wengi wako sawa na wewe, hawana kitu.

Alafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Mnunuzi wa Uganda anaanzia mbali na injini. Kwanza anauliza ni Premio au ni nini, maana Toyota inatoka haraka, pili anaangalia namba ya usajili, kama inaanza na UA, zile za zamani, anajua gari imekaa barabara zetu muda mrefu, kama ni ya UB, zilizofuata baada ya UA, anauliza ni UB gani, tatu anazunguka bodi kutafuta rangi iliyopigwa na milango isiyokaa sawa, anaangalia matairi, anaangalia viti, alafu anauliza logbuku, yaani kadi ya umiliki wa gari, iko kwa jina la nani. Hii ya logbuku inaua bei kuliko servisi zote, maana watu wengi wananunua gari wanatembea nayo miaka bila kubadilisha jina, siku ya kuuza logbuku bado ni ya mtu aliyehama au aliyefariki. Kama ya kwako bado haiko kwa jina lako, anza na hiyo kabla hujanunua hata lita moja ya oili. Na lipa faini zako za EPS, zile za trafiki, kama zipo, maana mnunuzi mwerevu ataziangalia na atakukata.

Servisi inaingia baada ya hapo. Haipandishi sana bei, inachofanya ni kulinda ile bei uliyotaja isishushwe, na inafanya gari itoke haraka. Tofauti hiyo uishike vizuri. Ukitegemea mtu akuongezee milioni kwa sababu ya daftari lako utaumia roho, ila ukiwa nalo, akikuambia toa milioni moja kwa sababu sijui injini ilitunzwaje, unafungua ukurasa unamwonyesha.

Na kwa gari ya mwaka wako jambo hili lina uzito zaidi. Sheria ya usalama barabarani ilivyorekebishwa 2018 inakataza kuingiza nchini gari iliyofikisha miaka 15 tangu itengenezwe. Maana yake Premio ya 2008 haiwezi tena kushuka melini Mombasa ikaja Kampala. Anayeitaka hana njia ya kukimbilia bondi akapate iliyotoka Japani juzi, lazima anunue ambayo imeshatembea barabara zetu, kwenye vumbi letu na mashimo yetu. Ile karatasi ya mnada wa Japani ambayo watu wanaishika kama cheti inaeleza gari ilivyokuwa siku ile inauzwa kule, haisemi lolote kuhusu miaka ya Arua. Miaka ya Arua ni wewe tu unaweza kuieleza.

Sasa alama za mikono. Hapa nakaa kidogo maana ndo mahali bei inapotea na mtu hajui kwa nini.

Nikifungua boneti kitu cha kwanza ni vichwa vya bolti. Bolti iliyozungushwa na spana isiyo saizi yake inakuwa imeliwa pembe, na nikiona bolti ya kumwagia oili imeliwa hivyo najua kuna mtu alikuwa anatumia plaizi au spana ya kubahatisha. Naangalia pia kama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inavuja pale pale kwenye bolti, maana watu wanakaza kwa nguvu zote za mabega wakati Toyota inataka kama Nm 37 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa injini yako, na ile washa ndogo inatakiwa iwe mpya kila mara. Uzi wa sampu ukiharibika mtu anapaka silikoni. Silikoni! Nikiona silikoni imefurika pembeni mwa kifuniko cha vali au sampu, namwambia mteja wangu ajiandae kuvuja, na hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Navuta dipstiki. Injini yako ya 1NZ-FE inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta, lakini galoni inauzwa ya lita 4 na watu wanamimina yote maana wameilipia. Oili ikiwa juu ya alama najua huyu hafuati kipimo, na nikijua hivyo kwenye oili naanza kuwa na wasiwasi na kila kitu kingine alichogusa. Kuna na hii ya kuweka 20W-50 kwa sababu mtu wa petroli stesheni alisema ni nzito na nchi yetu ina joto. Injini hiyo ilitengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30 inaifaa kabisa, na mnunuzi anayejua akikuta galoni ya 20W-50 kwenye buti anajiuliza kama unaficha moshi. Unaweza kuwa huna nia yoyote mbaya lakini utashukiwa.

Kulanti ndo inasema ukweli kuliko vyote. Injini ikiwa baridi nafungua kifuniko cha rejeta, nikikuta maji yana rangi ya kutu, basi humu yamekuwa yanaongezwa maji ya bomba miaka mingi na njia za ndani zimeanza kuliwa. Wewe umesema unabadilisha kulanti mwenyewe, basi kama umeweka ile ya Toyota ya pinki na ikabaki pinki, hiyo peke yake inakuuzia gari. Na tafadhali niambie hujatoa themostati. Mafundi wengi wa huku wanaitoa wanasema nchi ya joto haihitaji, wakati hiyo themostati inafunguka kwenye kama nyuzi 82 na kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake na ikae hapo. Ikitolewa, skana inaniambia ndani ya dakika chache, joto linakaa chini gari ikiwa barabarani, mafuta yanaliwa zaidi, na mara nyingine kompyuta inaandika kodi, yaani namba ya kosa, P0128. Hapa mtu anayejifanyia mwenyewe kwa kusoma kitabu anamshinda fundi wa barabarani kabisa.

Kwa nyinyi wa West Nile, huko Arua, mnaotembea murram, barabara za udongo, kuna mahali pengine napenda kupapasa. Natoa boksi ya filta ya hewa alafu nafuta kwa kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, upande ambao hewa ilitakiwa iwe imeshachujwa. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, filta ilikuwa ya saizi mbaya au klipu hazikufungwa sawa, na hilo vumbi limekuwa likisaga ringi za pistoni. Hakuna oili ya bei inayorudisha hapo. Basi kabla hujaita mnunuzi yeyote jipapase mwenyewe.

Tairi: nati zikiwa zimekazwa kwa kurukia spana kwa mguu, stadi, zile bolti zinazoshika tairi, zinavutika, na siku mnunuzi anataka kuona breki nati inagoma. Toyota ndogo inataka kama Nm 103. Spana ya kupimia nguvu inanunulika, itakufaa hata kwa Noah. Na niseme hili ingawa hujauliza, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, weka stendi, maana jeki inateleza na gari haina huruma.

Sasa kumbukumbu. Umesema unajifanyia lakini hukusema kama unaandika. Kama unaandika, safi. Kama huandiki, usikae sasa hivi ukatunga miaka yote kwa kalamu moja, itaonekana na utapoteza hata kile kidogo ulichokuwa nacho. Fanya hivi, fungua simu yako tafuta picha zote ulizowahi kupiga ukifanya kazi kwenye gari, tafuta risiti za speya ulizonunua soko la Kisekka Kampala au huko Arua, tafuta meseji za mobile money ulizomlipa mwenye duka la speya, zina tarehe na kiasi. Panga hivyo vyote kwa mwaka. Palipo na pengo acha pengo, mwambie mnunuzi hapa nilifanya lakini sikuandika. Mtu anayekubali pengo anaaminika kuliko mwenye daftari lisilo na doa.

Kuanzia leo mpaka utakapouza, kila ukigusa gari piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita, alafu picha ya speya mpya bado iko na boksi lake, alafu ile ya zamani iliyotoka. Boksi ni muhimu kwa sababu ya namba. Filta za oili za Toyota za kopo la chuma namba yake inaanza na 90915, zile za karatasi zinazoingia injini za Toyota za 2ZR zinaanza na 04152, na fundi wa mnunuzi anayejua kazi atatazama hiyo namba kabla hajatazama kitu kingine. Feki zimejaa, na boksi zuri sio uhakika, lakini mwenye kutunza boksi na risiti ya duka anaonyesha alikuwa anajali alichonunua. Kilomita pia zinamsaidia mnunuzi kwa njia nyingine: Premio nyingi zimerudishwa maileji, na picha zako zikionyesha namba inapanda taratibu kila elfu tano, hofu hiyo inaisha kwa kipindi chote ambacho gari imekuwa kwako.

Je zipo kazi ambazo kujifanyia kunashusha bei hata ukizifanya vizuri? Ndio, chache. Ya kwanza ni giaboksi. Premio yako ya 2008 ina CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, na CVT inataka oili yake ya CVT iliyotajwa na Toyota, ukiweka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, unaiua, pole pole au haraka. Mnunuzi akisikia ulimwaga oili ya CVT mwenyewe uani anaogopa, na mi sitamlaumu, maana kipimo chake kinafanywa oili ikiwa kwenye joto maalum na giaboksi ikiharibika ni pesa ambayo inakaribia kumfanya atupe gari. Hiyo peleka mahali wanapotoa risiti iliyotaja aina ya oili. Ya pili ni mkanda wa taimingi, wewe injini yako ni ya cheni hivyo haikuhusu, ila wenzako wenye Forester za injini ya EJ20 wasikilize, mkanda ule unabadilishwa kwenye kama kilomita 100,000 na mnunuzi anataka karatasi ya mtu aliyeuweka. Gesi ya AC na mambo ya eyabagi pia achia wenye vifaa. Na kuna moja rahisi ambayo watu wanaidharau, alainimenti ya magurudumu, ile mashine inatoa karatasi yenye tarehe na vipimo vya kila gurudumu. Karatasi ile inaonyesha chasi haijapinda, na inatoka kwenye mashine. Ifanye wiki chache kabla ya kuuza.

Gari mpya ya dila yenye waranti ni hadithi nyingine, hiyo ukiigusa mwenyewe ndani ya waranti unajitafutia ubishi, ila kwa mtumba wa Japani hakuna waranti ya kulinda.

Swali lako la pili, uanze kwenda gereji sasa. Hapana. Risiti moja mpya ya mwezi uliopita baada ya miaka ya kimya inamfanya mnunuzi aulize kwa nini umekimbilia gereji saa hii, kuna kitu kimeharibika nini. Hiyo pesa itumie kwa ukaguzi. Tafuta gereji ambayo haijawahi kugusa gari yako, waambie wakague kama wanamkagulia mnunuzi, wapime kompresheni, waweke skana, watazame chini, wakuandikie walichokuta kibaya na kizuri. Vibaya vilivyo vidogo rekebisha, bushi, breki, balbu. Vilivyo vikubwa amua, ama utengeneze ama useme. Karatasi hiyo pamoja na daftari lako ni vitu viwili vinavyothibitishana, wewe unasema nilifanya hivi na mtu asiyekujua anasema nimekuta injini iko hivi. Nikikutana na muuzaji wa namna hiyo kazi yangu inakuwa fupi na namwambia mteja alipe.

Usifute kodi kwenye skana asubuhi ya kuuza. Najua zile skana ndogo za Bluetooth kila mtu anazo na zinafuta, lakini kompyuta ikifutwa vipimo vyake vya ndani vinarudi mwanzo mpaka gari itembee tena, na mwenye skana nzuri anaona havijakamilika. Anajua umefuta, anabaki kujiuliza umefuta nini. Vivyo hivyo usipeleke gari kuoshwa injini kwa presha ikang'aa, maana mi nikikuta injini inang'aa kuliko bodi natafuta kilichokuwa kinavuja. Futa vumbi kwa kitambaa tu basi.

Siku ya mnunuzi atakuja na fundi wake. Wengine ni watu wazuri, wengine wameahidiwa kitu wakishusha bei, na fundi wa aina hiyo atapata kosa hata kwenye gari iliyotoka kiwandani jana. Usibishane naye mbele ya mteja wake. Mpe mnunuzi daftari, yeye mnunuzi mwenyewe, kabla boneti haijafunguliwa, mwache asome, alafu fundi akisema plagi zimezeeka mnunuzi ameshaona picha ya plagi na kilomita zilipowekwa. Na iache injini ibaki baridi mpaka wafike, usiiwashe kuipasha, maana anayejua kazi anataka kusikia ikiwaka baridi na kuona moshi wa kwanza, na akikuta boneti ina joto atauliza kwa nini.

Kuhusu Noah hukuuliza ila utaihitaji hii hii. Ukiletewa ya kabla ya 2007 nyingi zina 1AZ-FSE, ile ya D4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, muulize mwenye nayo pampu ya presha na usafishaji wa manifoldi, na ukae ndani dakika kumi ikinguruma bila kwenda usikie kama inatetemeka. Ukiletewa ya baada ya hapo ina CVT, basi swali lako la kwanza liwe oili ya CVT ilibadilishwa lini na iliwekwa ipi, na umwombe akuonyeshe, sio akuambie.